Ngoma ya Miti: Maisha ya Richard St. Barbe Baker

Wageni wengi waliofika Afrika Mashariki wakati wa ukoloni wanakumbukwa kwa yale waliyoyachukua. Wachache wanakumbukwa kwa yale waliyoyaacha. Mmoja wa hao wachache ni marehemu Richard St. Barbe Baker, mwanajeshi Mwingereza aliyegeuka bwana miti. Jina lake halitengani na mkutano wa vijana uliofanyika Muguga, katika nchi ya Wakikuyu, tarehe 22 Julai 1922.

Baker alizaliwa tarehe 9 Oktoba 1889 katika kijiji cha West End, jimbo la Hampshire, kusini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa na kitalu cha miti, na hivyo mtoto akakua akijua thamani ya mche. Alipokuwa kijana alisafiri hadi Kanada, akasoma katika Chuo Kikuu cha Saskatchewan na kufanya kazi katika kambi ya wakata miti. Huko aliwaona walowezi wakifyeka miti yote ili walime ngano, kisha upepo ukaja na kuupeperusha udongo ulioachwa uchi. Somo hilo hakulisahau maishani mwake.

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914, Baker aliingia jeshini na kutumikia katika kikosi cha mizinga. Alijeruhiwa zaidi ya mara moja, na mwaka 1918 majeraha yakamtoa vitani. Alisomea elimu ya misitu Cambridge, na mwaka 1920 akatumwa Kenya kuwa msaidizi wa mhifadhi wa misitu.

Aliikuta nchi ndiyo kwanza imetangazwa kuwa koloni. Ardhi nzuri ya nyanda za juu ilikuwa imekwisha kutwaliwa na walowezi, na reli ilikuwa ikila kuni usiku na mchana. Wakikuyu, ambao desturi yao ilikuwa kufyeka msitu, kulima miaka michache, kisha kuhama na kuiacha ardhi ipumzike, sasa hawakuwa na mahali pa kuhamia. Mvua iliponyesha, udongo ulikwenda na maji.

Baker alipowashauri wazee wapande miti, walimjibu kwamba miti ni shauri la Mungu. Kwa akili zao jibu hilo lilikuwa sahihi kabisa, kwa kuwa tangu enzi za mababu miti ilijiotea yenyewe. Ofisa mwingine wa wakati ule angeomba amri itolewe na watu wapelekwe shambani kwa nguvu, maana kazi ya lazima ilikuwa jambo la kawaida. Lakini Baker alikwisha kutambua kwamba watu wale walikuwa na ngoma kwa kila kazi kubwa: ngoma ya kupanda maharage, ngoma ya kuvuna mahindi. Akawaza kwamba iwapo miti nayo itapata ngoma yake, itakuwa shauri la watu pia.

Ndugu msomaji na aukumbuke wakati wenyewe. Tarehe 16 Machi 1922, miezi minne tu kabla ya ngoma hiyo, askari wa serikali walifyatua risasi mjini Nairobi kwa umati uliokuwa ukidai Harry Thuku afunguliwe, na watu zaidi ya 20 wakauawa. Muguga si mbali na Nairobi. Kijana wa Kikuyu alikuwa na kila sababu ya kumkimbia mtumishi wa serikali hiyo. Hata hivyo, kwa msaada wa Chifu Josiah Njonjo, vijana wapatao 3,000 wa rika la vita walikusanyika siku hiyo wakiwa wamejipamba kama ilivyo mila yao.

Baada ya ngoma, waliombwa wajitoe kwa hiari wale walio tayari kuilinda miti. Hamsini wa kwanza walichaguliwa. Waliahidi mbele ya Mungu wao, Ngai, kwamba kila mmoja atapanda miti 10 kila mwaka, ataitunza miti popote ilipo, na atatenda tendo jema kila siku. Walijiita kwa Kiswahili Watu wa Miti, na neno lao la kutambuana likawa Twahamwe, yaani sote pamoja kama mtu mmoja.

Kazi yenyewe ilifuata akili ya mkulima. Vitalu viliandaliwa, na miche ikapandwa katikati ya mahindi na viazi vikuu. Mkulima aliendelea kuvuna chakula chake huku miti ikikua, na alipoliacha shamba lile liliendelea kama msitu mchanga badala ya jangwa. Vijana walijifunza kwa mikono yao, kisha wakawafundisha wenzao.

Mwaka 1924 Baker alianzisha chama cha namna hiyo Uingereza, ambacho leo kinajulikana kama International Tree Foundation. Baadaye alifanya kazi ya misitu Nigeria, akapigania miti mikubwa ya California isikatwe, na mwaka 1952 akafunga safari ya kuvuka Sahara ili kuchunguza jinsi jangwa linavyoweza kurudishwa nyuma. Alipanda mti wake wa mwisho mjini Saskatoon, Kanada, tarehe 5 Juni 1982, Siku ya Mazingira Duniani. Siku nne baadaye alifariki dunia, akiwa na umri wa miaka 92.

Haifai kumsifu kupita kiasi. Alikuja kama mtumishi wa serikali iliyokuwa imewanyang'anya watu ardhi, na ngoma ya Muguga haikuwarudishia hata ekari moja. Aidha, bila wazee, bila Njonjo na bila wale vijana, wazo lake lingebaki katika daftari lake. Mbegu ile ilikuja kuchipua kwa nguvu zaidi mikononi mwa wenye nchi, hasa pale Wangari Maathai alipoanzisha mwaka 1977 harakati za Mkanda wa Kijani, ambazo zimepanda miti zaidi ya milioni 50 kwa mikono ya wanawake wa vijijini. Mama huyo alipata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, na akafariki mwaka 2011.

Sisi wa Uganda tunahusika moja kwa moja. Misitu iliyofunika asilimia 24 ya nchi yetu mwaka 1990 ilikuwa imebaki karibu asilimia 9 mwaka 2015. Hapa Mbuya, kila mvua kubwa huuteremsha udongo mwekundu kutoka kilimani hadi kinamasi cha Kinawataka, na kutoka huko njia ya maji ni moja tu, Ziwa Viktoria. Wanajeshi wetu nao, kuanzia mwaka 2014, wameshiriki kuwagawia wananchi miche, kazi ambayo ni ya heshima.

Lakini askari yeyote anajua tofauti ya amri na kiapo. Kwa amri, kikosi kinaweza kupanda miti 1,000 kabla ya adhuhuri na kurudi kambini. Wakati wa kiangazi, lori likiwa limekwisha kuondoka, mche hunyweshwa na yule tu aliyeahidi mbele ya wenzake kwamba ni wake. Vijana wa Muguga walitoa ahadi hiyo kwa ngoma yao wenyewe. Kila kijiji cha Uganda kina ngoma yake.