Gilbert Lewis na Mbegu Zilizokataa Kuota

Ukitia mbegu majini itaota. Hapa kwetu Nyamira hata mtoto wa chekechea anajua hivyo, maana mvua ya alasiri haitupi nafasi, na punje ya mahindi iliyoanguka kando ya njia huwa imeshachipua kabla mwenyewe hajairudia. Lakini mwaka 1933 kulikuwa na bwana mmoja katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliyetia mbegu za tumbaku katika maji safi kabisa, zikakataa katakata. Bwana huyo ni Gilbert Newton Lewis. Wenzangu wa Kemia mnamjua bila kujua: zile nukta mbili tunazochora kati ya atomu kuonyesha elektroni zinazoziunganisha ni kazi yake, tangu mwaka 1916.

Alizaliwa mwaka 1875 katika jimbo la Massachusetts, Marekani, akakulia Nebraska. Utotoni alifundishwa nyumbani na wazazi wake. Kufikia mwaka 1899 alikuwa na shahada ya udaktari kutoka Harvard. Akaenda Ujerumani kusoma zaidi, kisha akapelekwa Ufilipino kusimamia mizani na vipimo vya serikali. (Ndiyo, mizani! Daktari mzima.) Mwaka 1912 akahamia Berkeley, na hapo ndipo alipobaki hadi kufa.

Sasa tuingie kwenye maji. Haidrojeni ya kawaida ina protoni moja tu katika kiini chake. Mwishoni mwa mwaka 1931 Harold Urey, aliyekuwa mwanafunzi wa Lewis, aligundua haidrojeni nyingine yenye protoni moja na nyutroni moja, uzito wake kama mara mbili. Ikaitwa deuteriamu. Haitoi miale wala haivunjiki, imetulia tu. Iko hata kwenye maji ya mto Gucha, ila ni haba: katika kila atomu 6,400 hivi za haidrojeni, moja ndiyo nzito.

Urey aliitambua, lakini kuipata kwa wingi ilikuwa kazi nyingine. Lewis alijua kwamba ukipitisha umeme katika maji, haidrojeni nyepesi hutangulia kutoka ikiwa gesi, na nzito hubaki nyuma. Basi yeye na msaidizi wake wakachukua lita 20 za maji kutoka chombo cha zamani cha umeme, wakayapunguza na kuyapunguza mpaka yakabaki hata mililita moja hayafiki! Wakazidi kuyasafisha hivyo hivyo hadi wakapata maji mazito karibu matupu. Ukiyatazama huwezi kuyatofautisha na ya kisimani, lakini ni mazito kwa asilimia 11 na huganda kwenye nyuzi 3.8 za Selsiasi.

Mtu mwingine angeyafungia kabatini. Lewis aliuliza swali ambalo hata mkulima angeuliza: je, kitu chenye uhai kitakua ndani yake? Ndipo akaleta mbegu za tumbaku. Za maji ya kawaida ziliota vizuri. Za maji mazito matupu hazikuota hata moja. Zile za nusu kwa nusu ziliota, lakini kwa mwendo wa kobe. Baadaye baadhi ya zilizogoma zilipotiwa maji ya kawaida, zikaanza kuota kwa unyonge. Kumbe hazikuwa zimekufa, zilikuwa zimezuiwa. Mwaka 1934 alimnywesha panya pia. Panya alionekana kama mlevi, akazidi kuona kiu, lakini alipona.

Sababu yake ni hii. Kifungo cha haidrojeni nzito huwa kigumu zaidi kuvunjika, kwa hivyo kazi nyingi za ndani ya seli hupoteza mwendo wake, na seli hushindwa kugawanyika. Wataalamu waliofuata waliona kwamba maji mazito yakifika kama robo ya maji ya mwili, panya huwa tasa. Yakipita theluthi, hufa. Lakini mwani mdogo wa kijani hushinda: miaka ya 1950 ikiisha, watafiti wa Argonne, Marekani, waliukuza katika maji mazito karibu matupu.

Mgala muue na haki umpe: Tuzo ya Nobel ya mwaka 1934 ilienda kwa Urey peke yake, na kugundua aligundua kweli. Lakini mwalimu wake alipendekezwa zaidi ya mara 40 maishani na hakuipata hata mara moja. Mimi naona hapo alionewa. Muda si mrefu akaacha mambo ya maji mazito, akageukia mwanga na rangi. Mnamo Machi 1946 alikutwa amekufa ndani ya maabara yake, akiwa na umri wa miaka 70. Siku hiyo alikuwa akitumia sianidi, wengine wakanong'ona, lakini uchunguzi ulisema ni moyo.

Maji yake yalifika Kenya pia. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, kina mama wanaonyonyesha huko Pokot walikunywa maji mazito kidogo. Haidrojeni nzito hupita kwenye maziwa hadi kwa mtoto, na ukiipima mwilini mwake unajua amenyonya kiasi gani. Kipimo cha kawaida cha kazi hiyo ni gramu 30 hivi, na katika maji yote ya mwili wa mama hizo ni chache mno kumdhuru yeye au mwanawe.