Elijah Masinde: Mpinzani aliyefungiwa Mathari

WAKAZI wa Matulo na viunga vya Webuye hawahitaji kuelekezwa vilipo vilima vya Chetambe. Huko ndiko Wabukusu walikovunjwa nguvu na bunduki za Waingereza mwaka 1895, na huko ndiko Elijah Masinde alikowapeleka wafuasi wake Septemba 1947 kuwatambikia waliouawa.

Masinde, mzaliwa wa Kimilili, hakuanza kama mwasi. Alilelewa katika kanisa la Kikweka, akasakata soka hadi kuichezea Kenya dhidi ya Uganda katika Kombe la Gossage, kisha akaitumikia mahakama ya Waafrika. Aliijua serikali kutoka ndani. Pengine ndiyo sababu hakuiogopa.

Katika miaka ya 1940, akiwa kiongozi wa Dini ya Msambwa, aliwahimiza watu kuirejelea imani ya mababu. Alipinga kazi za kulazimishwa, ikiwemo ile ya kung'oa magugu mashambani, na kuwataka wageni waondoke.

Kwa watawala, Mwafrika aliyekataa amri waziwazi hakuwa na hoja, bali maradhi. Mwaka 1945 Masinde alipelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, akakaa huko hadi 1947. Hospitali hiyo ilikuwa chini ya Dkt J. C. Carothers, ambaye mwaka 1954 serikali ilichapisha maandishi yake kuhusu saikolojia ya Mau Mau, yakiwasawiri wapiganaji kama watu waliochanganyikiwa kwa kupoteza mila zao. Suala la ardhi, ambalo mkulima yeyote wa Kitale angelitaja kwanza, halikupewa uzito huo.

Hila hiyo haikufua dafu. Masinde alitoka Mathari akiwa na sifa maradufu, kwani kwa wafuasi wake kifungo kile kilithibitisha kwamba wakubwa walimhofia. Februari 1948 polisi waliufyatulia risasi umati huko Malakisi na kuua watu kadhaa. Dini ikapigwa marufuku, naye akahamishiwa Lamu, mbali na Elgon, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Uhuru ulimfungulia mlango kwa muda mfupi tu. Marufuku iliondolewa 1964, ikarejeshwa 1968, maana Masinde hakuwa tayari kuwanyenyekea hata watawala weusi. Safari hii hakuna aliyemwita mwendawazimu. Aliitwa mchochezi, akarudi gerezani.

Alifariki mwaka 1987, akazikwa kwao Kimilili.