Askofu Frank Weston (1871–1924)

Frank Weston, kasisi na mwandishi Mwingereza, alizaliwa London mwaka 1871. Alisoma Oxford, kisha akaja Zanzibar mwaka 1898 chini ya misheni ya UMCA. Mwaka 1908 alifanywa Askofu wa Zanzibar. Dayosisi yake ilifika hadi Magila na Korogwe, katika Mkoa wa Tanga wa leo.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza aliongoza kikosi cha wapagazi wa Zanzibar. Mwaka 1918 alitoa kijitabu The Black Slaves of Prussia, barua ya wazi kwa Jenerali Smuts kuhusu ukatili wa Wajerumani kwa Waafrika. Mwaka 1920 aliigeukia serikali ya nchi yake. Katika The Serfs of Great Britain alishutumu kazi ya shuruti kwa faida ya walowezi wa Kenya. Mwaka 1921 Uingereza ilizuia kuwapatia waajiri binafsi vibarua kwa shuruti.

Alifariki Hegongo, wilayani Muheza, tarehe 2 Novemba 1924.

Zingatia: Aliwapima Wajerumani na Waingereza kwa kipimo kimoja. Mtahiniwa anayetaja kijitabu cha 1918 peke yake amejibu nusu ya swali.