Padri Stefano Kaoze: mtoto wa Marungu na franga za Bula Matari

Mulongwe, kama vile Kalundu na Kavimvira, masomo mengi yanabeba majina mawili kwenye kibao: jina la serikali na jina la kanisa. Mwalimu anangoja mshahara kutoka kwa Leta, lakini anayemuweka kwenye kazi na kumfuatilia ni kanisa. Wazazi wanazoea mpangilio huo bila kuuliza ulitoka wapi. Ulianza zamani, na maisha ya mtu mmoja wa ziwa letu yanasaidia kuuelewa.

Stefano Kaoze alizaliwa miaka ya 1880 katika milima ya Marungu, kusini ya ziwa Tanganyika, kati ya Watabwa. Wakati huo mapadri weupe walikuwa wameisha kufika pande hizi. Huku kwetu kaskazini walifungua misheni ya Mulweba, kwa Wamasanze, mwaka 1880. Kusini walishika kituo cha Mpala mwaka 1885. Watu walikuwa wanakimbia vita vya kukamata watumwa, na misheni ikawa kimbilio, hospitali na shule kwa mara moja.

Kaoze akaingia masomo ya Mpala akiwa kijana mdogo. Alikuwa na kichwa chepesi: Kilatini, Kifaransa, filozofia, vyote alivishika. Askofu Victor Roelens, Mbelgiji aliyeongoza Kanisa la Kongo ya Juu kutoka Baudouinville (leo Kirungu, kule Moba), akamsukuma mbele. Mwaka 1910 na 1911 jarida moja la Ubelgiji likachapisha maandishi ya Kaoze juu ya fikra na roho ya Wabantu. Hakuwa bado padri. Wengi wanayahesabu kuwa kati ya maandishi ya kwanza ya Mkongo kwa Kifaransa. Tarehe 21 Julai 1917, sikukuu ya taifa ya Ubelgiji, Roelens akampa upadri. Akawa Mkongo wa kwanza kuwa padri katika nyakati za sasa.

Sasa, nani alikuwa analipa masomo na dispansere za misheni? Mwanzoni ni waumini wa Ulaya. Lakini tarehe 26 Mei 1906, dola ya Leopold wa Pili ilisaini mapatano na Vatikano. Misheni za Wakatoliki zilipewa udongo bure, hektari 100 hadi 200 kila moja. Kwa upande wao mapadri walipaswa kufungua masomo, kufundisha kulima na kazi za mikono, na kupeleka programu kwa Gavana Mkuu. Hapo ndipo mazoea yalianza: Bula Matari anatoa, misheni inafanya kazi, na Bula Matari anakagua.

Karibu mwaka 1925, Kaoze akiwa tayari padri, mpango ukapanuka. Serikali ya koloni ikaanza kulipa masomo ya misheni kwa franga, kufuatana na masharti: wanafunzi wanahesabiwa, walimu wawe na sifa, programu ikubaliwe, na mkaguzi apite. Kwa Bula Matari ilikuwa rahisi kuliko kujenga masomo yake mwenyewe. Kwa mtoto wa kijiji ilikuwa mlango wa kujua kusoma.

Lakini mlango haukufunguliwa kwa wote. Franga zilienda kwa misheni zilizoitwa za kitaifa, maana yake za Wabelgiji, na karibu zote zilikuwa za Wakatoliki. Waprotestanti wa nchi nyingine waliachwa nje. Wasuedi wa Kipentekoste, waliofika Uvira mwaka 1921, walipaswa kuendesha masomo yao na kutibu wagonjwa kwa sadaka kutoka kwao. Kwa hiyo watoto wawili wa mtaa mmoja waliweza kusoma katika hali tofauti kabisa, kwa sababu tu ya kanisa la wazazi wao. Hali hiyo ilibadilika baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kati ya 1946 na 1948, wakati Waprotestanti nao waliruhusiwa kupata ruzuku.

Kaoze alifanya kazi ndani ya mpango huo, na upande wake mwingine aliuona pia. Miaka ya 1930 alikuwa kule Nsanga Lubu, misheni iliyokuwa mikononi mwa mapadri Wakongo. Ilikuwa jaribio kubwa. Watu wengi kati ya wazungu hawakuamini kama Mkongo anaweza kuongoza misheni, kutunza mali yake na kutoa hesabu.

Baada ya vita, serikali ilimuita kwenye Baraza la Serikali kule Léopoldville, kati ya Wakongo wa kwanza kabisa kukaa humo. Aliingia pia katika tume ya kulinda wenyeji. Baraza lilikuwa la kushauri tu. Wajumbe walisema na Gavana Mkuu alisikiliza, lakini neno la mwisho lilibaki kwa wakubwa wa koloni. Mtoto wa Marungu alifika mezani, lakini ufunguo wa sanduku haukuwa mkononi mwake.

Alikufa mwaka 1951, miaka tisa kabla ya uhuru. Mwaka 1974 serikali ya Mobutu ilinyang'anya makanisa masomo yao, na miaka michache tu baadaye ilishindwa kuyaendesha. Tarehe 26 Februari 1977 ikasaini mapatano mapya: masomo ni ya serikali, makanisa yanayaongoza, serikali inalipa walimu. Mapatano hayo ndiyo yanaeleza majina mawili kwenye kibao.

Tangu 2019 masomo ya msingi ya serikali yanapaswa kuwa bure, na swali limekuwa kali zaidi. Franga ikichelewa Kinshasa, anayeumia ni mwalimu wa Mulongwe na mtoto aliye mbele yake. Toka mwaka 1906 sharti limebaki na pande mbili: anayefanya kazi anatoa hesabu, na anayeahidi analipa. Kaoze alitumia maisha yake kuonyesha kwamba Mkongo anaweza kutimiza upande wa kwanza. Upande wa pili bado unangojewa.