Frans Masereel, Mbelgiji aliyesimulia hadithi bila neno hata moja

Mwaka wa 1918, Ulaya ikiwa bado vitani, mchoraji Frans Masereel alitoa kitabu cha hadithi kisicho na maandishi ndani: picha 25 tu, nyeusi na nyeupe. Kinaitwa « 25 images de la passion d'un homme ». Mtoto wa mama asiye na mume anakulia barabarani, anafungwa kwa wizi, anakuwa mfanyakazi, anawaongoza wenzake kudai haki, na mwisho anauawa. Hata asiyejua kusoma angeweza kuifuata.

Masereel alizaliwa mwezi wa Julai 1889 huko Blankenberge, pwani ya Ubelgiji, akakulia mjini Gand. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka mitano. Alisoma katika shule ya sanaa ya Gand, kisha akahamia Paris.

Vita ilipoanza, hakutaka kubeba bunduki. Mwaka wa 1916 alifika Geneva, inchini Uswisi, akatumika kama mtafsiri katika shirika la Msalaba Mwekundu, upande wa wafungwa wa vita. Mwaka uliofuata alianza kuchorea gazeti la La Feuille, karibu kila siku, akiipinga vita. Hapo ndipo mkono wake ulipozoea. Gazeti halingoji mtu. Aliachana na mistari myembamba, akashika brashi na wino mzito, maana doa kubwa jeusi linaonekana vizuri hata kwenye karatasi mbaya.

Njia hiyo aliipeleka kwenye ubao. Picha ilipaswa kuchorwa kinyume, kulia kuwe kushoto, kwa sababu karatasi inapobandikwa juu ya ubao picha inageuka. Halafu anachonga. Pale kisu kinapopita panabaki peupe. Pale palipoachwa panapokea wino. Ni kusema ubao mzima ni usiku, na mchongaji anafungua mwanga kidogo kidogo: taa ya barabarani, dirisha, uso wa mtu. Ndiyo maana hata mchana katika vitabu vyake una giza fulani. Na kisu kikiteleza, hakuna kufuta.

Ugumu zaidi ulikuwa kuunganisha picha. Pasipo maneno, msomaji lazima amtambue mtu yuleyule toka ukurasa mmoja hadi mwingine, na ajaze mwenyewe yale yaliyotokea katikati. « Mon livre d'heures » ya 1919 inafanya hivyo kwa picha 167. Katika « La Ville » ya 1925, yenye picha 100, Masereel alithubutu zaidi: alimwondoa shujaa, akabakiza mji wenyewe, na viwanda vyake, umati wake na upweke wake.

Msimamo wake ulimgharimu. Kwa kuwa alikataa jeshi, vita ilipoisha hakuweza kurudi kwao. Ujerumani ilimpokea vizuri. Mwandishi Thomas Mann aliandika utangulizi wa kitabu chake kimoja. Kisha Wanazi wakashika utawala mwaka wa 1933, wakavipiga marufuku vitabu vyake. Mwaka wa 1940, Wajerumani walipokaribia Paris, alikimbia tena.

Baada ya vita aliishi Nice, kusini mwa Ufaransa, akiendelea kuchonga. Alifariki Avignon tarehe 3 Januari 1972, akiwa na miaka 82. Alizikwa Gand.