Banting, mwana wa mkulima aliyewapa wagonjwa wa kisukari uhai

MGONJWA wa kisukari mtaani Nyamasaria, Kisumu, anapoficha chupa ya insulini ndani ya chungu kuikinga na joto la kando ya ziwa, huwa anahifadhi kazi ya daktari aliyekaribia kufilisika.

Frederick Banting alizaliwa Novemba 14, 1891 shambani karibu na Alliston, Kanada. Tarehe hiyo ndiyo Siku ya Kisukari Duniani, ingawa ni wachache wanaojua sababu.

Alijeruhiwa Ufaransa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka wa 1920 alifungua kliniki, na mwezi wa kwanza ikamletea dola 4 pekee. Oktoba hiyo, akijiandaa kufunza wanafunzi, alisoma makala kuhusu kongosho, na wazo lililomjia likamnyima usingizi. Mwaka uliofuata, Profesa John Macleod wa Chuo Kikuu cha Toronto alimpa maabara, mbwa wa majaribio na msaidizi, Charles Best. Baadaye James Collip aliisafisha dawa waliyoipata.

Wakati huo watoto wenye kisukari walinyimwa chakula ili waongezewe miezi michache ya kuishi. Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14 aliyebaki mifupa mitupu, alidungwa Januari 11, 1922. Dawa hiyo ilikuwa na uchafu, haikumfaa. Sindano ya Januari 23 ilishusha sukari, naye akaishi miaka 13 zaidi.

Banting na Macleod walipotuzwa Nobel mwaka wa 1923, Banting alighadhibika kwamba Best ameachwa, akamgawia nusu ya fedha zake. Hataza nayo iliuziwa chuo, kila mgunduzi akipokea dola 1. Ni vigumu kutoikumbuka dola hiyo unapomwona mgonjwa akiruka dozi kwa kukosa pesa.

Insulini ya Banting, iliyotokana na kongosho za mifugo, ilidumu saa chache tu mwilini, hivyo sindano zilikuwa kadhaa kwa siku. Mwaka wa 1936, Hans Christian Hagedorn wa Denmark alipata njia ya kuirefusha. Aina aliyoizindua baadaye, yenye rangi ya maziwa, ingali hospitalini mwetu. Hubiringishwa taratibu viganjani kabla ya kuvutwa kwenye sindano. Ile angavu ya muda mfupi hudungwa takriban nusu saa kabla ya mlo. Zote huingia chini ya ngozi ya tumbo au paja, kwa kubadilisha mahali, kwani zikimezwa tumbo huzimeng'enya kama chakula.

Banting alifariki Februari 21, 1941 baada ya ndege kuanguka Newfoundland, akielekea Uingereza kwa shughuli za vita. Alikuwa na umri wa miaka 49.