Abdus Salam: Mwanafizikia aliyeshikwa mkono na mwanafunzi mwenzake

Kijana wa mtaa wa Jericho, Nairobi, akitaka kujua kandanda hana haja ya kwenda mbali. Uwanja wa Camp Toyoyo umo humo mtaani, na hapo atawakuta waliomtangulia. Ndugu yake anayesomea fizikia katika chuo kikuu huenda asijue mlango wa kubisha hesabu zinapomlemea.

Upweke wa namna hiyo ulimfika hata marehemu Profesa Abdus Salam, mmoja wa wanafizikia mashuhuri zaidi wa karne ya 20.

Salam alizaliwa mwaka wa 1926 katika Punjab, sehemu ambayo leo ni Pakistan. Akiwa na umri wa miaka 14 alivunja rekodi ya alama katika mtihani wa jimbo hilo. Mwaka wa 1946 alipata ufadhili wa kwenda kusoma katika Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza.

Huko alifuzu vyema, lakini alipoingia maabara kufanya utafiti aligundua kwamba hakuwa na subira ya majaribio. Akageukia nadharia. Mhadhiri wake, Nicholas Kemmer, alimwelekeza kwa Paul Matthews, mwanafunzi aliyekuwa akikamilisha shahada ya uzamifu.

Matthews angeweza kuificha kazi yake, kwani katika utafiti swali zuri ni mali. Badala yake alimkabidhi Salam fumbo lililosalia kuhusu chembe ziitwazo mesoni, ambamo hesabu zilikuwa zikitoa majibu yasiyo na kikomo. Sharti lilikuwa moja: asipolifumbua katika miezi michache, Matthews angelichukua tena. Salam alilifumbua mwaka wa 1950, na jina lake likavuma.

Mwaka uliofuata alirejea Lahore kuwa profesa. Alikosa wenzake wa kujadiliana nao utafiti, na chuo kikamtwika hata jukumu la kusimamia klabu ya kandanda. Ilimbidi achague kati ya nchi yake na taaluma yake. Mwaka wa 1954 aliihama Lahore kwa majonzi, akarudi Cambridge. Mnamo 1957 alikuwa profesa katika Imperial College, London, ambako alifanya kazi tena pamoja na Matthews.

Uchungu wa uamuzi huo haukumtoka. Aliazimia kwamba msomi wa nchi maskini asilazimike kuuchagua tena. Ndipo mwaka wa 1964, kwa msaada wa Italia na Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, akaanzisha kituo cha fizikia ya nadharia mjini Trieste. Wanafizikia wa nchi zinazoendelea walikwenda huko kwa miezi kadhaa, wakakaa na wenzao, kisha wakarudi kufundisha nyumbani.

Mwaka wa 1979 alitunukiwa Nobel pamoja na Sheldon Glashow na Steven Weinberg kwa nadharia inayounganisha nguvu ya sumakuumeme na nguvu dhaifu ya ndani ya kiini cha atomu.

Matunda ya Trieste yalifika Afrika Mashariki. Katika mkutano uliofanyika huko mwaka wa 1985 ndipo ilipozaliwa Akademia ya Sayansi ya Afrika, ambayo makao yake yaliwekwa Nairobi na rais wake wa kwanza akawa Mkenya, Profesa Thomas Odhiambo. Mwaka wa 2018 tawi la kituo hicho lilianza kazi Kigali, Rwanda.

Salam aliaga dunia mjini Oxford tarehe 21 Novemba 1996 akiwa na umri wa miaka 70, akazikwa Pakistan. Mwaka uliofuata kituo cha Trieste kilipewa jina lake.

Matthews hakumpa Salam fedha wala cheo. Alimpa swali, akampa na muda. Hayo mwanafunzi wa mwaka wa nne anaweza kumpa mwenzake wa mwaka wa kwanza, hata wakiwa wameketi kwenye ngazi za nyumba za Jericho.